Nilivyoendelea na kazi ya sakafu baada ya ngozi kuikataa epoksi

Nilikuwa nimefanya kazi ya kumwaga sakafu za epoksi (plastiki ngumu inayopatikana kwa kuchanganya vimiminika viwili, resini na hadina, yaani kigandishi chake) na kuziba maungio ya vigae jijini Dar es Salaam kwa miaka kadhaa kabla mikono haijaanza kuniwasha, na hilo ndilo lililowachanganya wote niliowauliza. Daktari wa ngozi alinieleza kwamba mzio wa aina hii hauji siku ya kwanza: mwili waweza kuchukua wiki, miezi au hata miaka kabla ya kuichukia kemikali, na ukishaichukia kwa kawaida hausahau, hivyo tone dogo hutosha kuleta malengelenge baada ya siku moja au mbili.

Mafundi wenzangu waliilaumu saruji. Hawakuwa wakisema ovyo, kwa kuwa kromiamu iliyomo katika saruji nayo huleta mzio unaofanana sana na huu. Ndiyo maana sikuridhika na krimu ya steroidi peke yake. Krimu ilinituliza vidonda, lakini haikuweza kuniambia niepuke kitu gani. Nikafanyiwa kipimo cha kubandikwa kemikali mbalimbali mgongoni. Vibandiko hukaa saa 48 bila kulowa (kwa joto la Dar es Salaam, hiyo ni kazi kubwa kuliko inavyosikika), kisha hubanduliwa, na mgongo husomwa tena baadaye kwa sababu mzio huu huchelewa kujitokeza. Mahali pa kromiamu palikuwa safi. Palipowekwa resini ya epoksi palivimba na kuwa pekundu.

Ushauri ulio salama zaidi ni kuachana na epoksi moja kwa moja, naukubali, ila nilichagua kwanza kugawana kazi upya na mwenzangu. Yeye huchanganya resini na hadina, hatua ambayo kemikali ni mbichi na kali zaidi, nami nimebaki na kupima, kuandaa sakafu na kusimamia. Kupiga msasa hatuanzi mpaka epoksi imekauka kabisa, jambo ambalo kwa bidhaa nyingi huchukua takriban siku 7, kwa sababu vumbi la epoksi isiyokomaa hufika usoni na kuvimbisha kope hata za mtu ambaye hajagusa kopo.

Upande wa glavu, zile nyembamba za mpira wa kawaida hupitisha resini, kwa hiyo natumia za nitraili, aina ya mpira wa viwandani, zilizo nene na ndefu, na zikichafuka nazitupa badala ya kuzivaa tena kesho yake. Thina nimeiondoa kabisa katika kunawa: huondoa mafuta ya ngozi na kuifungulia resini njia. Resini ikinirukia naifuta kwa karatasi kavu, halafu natumia sabuni na maji.

Jambo lililonisaidia zaidi katika ununuzi ni alama ya H317, ambayo huandikwa kwenye makopo na karatasi za usalama za bidhaa inayoweza kuleta mzio wa ngozi, na maana yake ni ileile hata kama maelezo mengine yako kwa Kichina au Kituruki. Siku hizi namwomba muuza duka anitumie picha ya lebo nzima kabla sijalipa. Hata silikoni ya kuzibia maungio naikagua hivyo hivyo, kwa maana baadhi ya zile zisizo na harufu ya siki hutoa kemikali ziitwazo oksimu zinapokauka, na oksimu hizo nazo zina wagonjwa wake wa mzio.