Siku moja maishani mwangu: nalipwa kuchungulia mavi ya miaka 800 iliyopita

Saa zote humu ni za Kiswahili, msinichanganye. Naamka saa 12, giza totoro, hapa York, Uingereza, mwezi wa kwanza jua linachomoza saa mbili na ushee kama vile halitaki. Chai, basi, saa mbili na nusu niko maabara nimevaa koti jeupe. Watu wakisikia akiolojia wanadhani dhahabu na mafuvu. Mimi ni fundi wa maabara, na kazi yangu ni udongo wa vyoo vya zamani, natafuta mayai ya minyoo. Basi.

Leo nina sampuli 14 za choo cha shimo cha enzi za kati, kimechimbuliwa mahali ambapo zitajengwa fleti. Nachukua gramu 0.2 kwa kila sampuli, haifiki hata harage moja, naloweka kwenye maji ya fosfati mpaka iwe uji mwepesi, nachuja kwa chujio la mikroni 300 (mikroni elfu moja ndio milimita moja), kisha 160, la mwisho 20. Mayai ya minyoo mingi yanaangukia kati ya 20 na 160 kwa hiyo kinachobaki kwenye lile la mwisho ndio mali yangu. Nazungusha kwenye mashine, naweka tone la gliserini, slaidi, hadubini. Ardhi ya York ina maji na haina hewa, vitu haviozi vizuri, sampuli nyingine ukiloweka inanuka mpaka leo, wallahi. Mjini hapa mwaka 1972 waliokota kinyesi kizima cha zama za Waviking, wale mabaharia wa Skandinavia wa zaidi ya miaka elfu iliyopita, kama sentimita 20, kimejaa mayai ya minyoo, kikawekwa makumbusho kama taji la mfalme. 2003 kikadondoka kikavunjika vipande vitatu. Kila nikibeba trei ya slaidi nakikumbuka.

Saa nne simu inalia. Meneja wa mradi wa zile fleti. Huku tangu 1990 utaratibu wa mipango miji unamtaka anayejenga agharamie uchimbaji, kwa hiyo huyu ndiye analipa, na hilo analijua vizuri. Eti vibarua wake wamegusa ule udongo, mmoja anaumwa tumbo, je wamepata minyoo ya kale? Nikamwambia hapana, yai la mchango, ule mnyoo mrefu wa tumboni, likiwa kwenye udongo linaweza kuishi miaka kadhaa, hata kumi, lakini si mia nane, ninachokiona mimi ni ganda tu. Akasema niandike barua. Nikasema mimi sio daktari, barua za afya sitoi. Akakata. Akatuma barua pepe. Akatuma nyingine, ile ile, sasa bosi wake yumo na bosi wangu yumo. Nimevaa glavu, mkono mmoja uji wa mavi mkono mwingine napangusa simu kwa tishu, na sampuli ya sita imeshakauka kwenye chujio naanza upya. Saa sita kasoro akaja mwenyewe! Kasimama mlangoni kajiziba pua na skafu, hata hakuna harufu muda ule. Nikamkaribisha aangalie. Yai la minyoo mjeledi ni zuri jamani, la kahawia, umbo la limau, huku na huku lina kizibo. Akachungulia akasema, "Kweli kama limau." Halafu akanyoosha mgongo: "Kwa hiyo limekufa?" Limekufa. "Basi mbona mnatuchelewesha?"

Sikujibu. Nilikuwa na njaa.

Ningemjibu hivi. Mwaka 2022 watafiti walitangaza matokeo ya kupima mifupa ya enzi hizo ya mji wa Cambridge, hapa hapa Uingereza: walichukua udongo wa pale tumbo lilipokuwa. Watawa 11 kati ya 19 walikuwa na minyoo, raia wa kawaida 8 kati ya 25. Na nyumba za watawa ndizo zilikuwa na vyoo, mahali pa kunawia na maji ya bomba! Inadhaniwa waliweka mbolea ya mavi kwenye bustani zao, mboga ikawarudishia. Mama yangu Tanga alitufokea tukila embe bila kuosha, shuleni tukapangwa mstari tumeze dawa, ni minyoo hii hii, mchango na mjeledi, sio ya Wazungu wala ya kale.

Mchana sijui uliishaje. Slaidi tupu, tupu, chavua, tupu, mbegu, kiputo cha hewa kinachojifanya yai. Shingo. Tupu nayo naandika, na sampuli za udongo wa nje ya shimo lazima zihesabiwe, kama nje kuna mayai sawa na ndani basi hujathibitisha kitu. Vijidudu vya kuhara kama giadia havina ganda gumu la kudumu hivyo, kwa hadubini ni kubahatisha, vinataka kipimo cha protini. Ndivyo walivyovipata kwenye vyoo vya Yerusalemu, vya zaidi ya miaka 2,500, vyenye kiti cha jiwe na tundu katikati, wakatangaza 2023. Bosi anasema vipimo ni ghali, nichague sampuli tatu. Nimekaa nazo kama mtu anachagua mtoto wa kumpeleka shule.

Kutoka ni saa kumi na moja, nimetoka saa moja usiku, macho mekundu. Kwenye basi shangazi akapiga WhatsApp. Shikamoo, marahaba mwanangu, ameshawaambia kwaya nzima niko hospitali kubwa Ulaya.

"Hospitali sipo shangazi. Leo nimepata mayai 31."

"Trei moja na yai moja," akasema. "Kumbe umeanza kufuga."