Mwanza hadi Ukerewe kwa gari la kulala: udongo, mwezi na pa kuegesha

Anayetoka Mwanza kwa gari la kulala, akafuata ziwa kupita Magu, Lamadi na Bunda, kisha akakata kushoto kuelekea Kisorya na kuvuka kwenda Ukerewe, anaweza kulala usiku sita bila kulipia chumba wala kiwanja cha kambi. Hapa tunazungumzia Hiace ya paa refu au Noah iliyotolewa viti vya nyuma, magari ambayo wengi tunayo au tunaweza kuyaazima. Coaster nayo inafaa, ila ikizidi tani tatu na nusu lazima ipite mizani.

Kinachowaharibia watu safari hii ni saa. Jua la huku huzama kati ya saa 12 na nusu na saa moja na dakika chache, mwaka mzima. Ukifika giza limeingia, huoni udongo uliosimama juu yake na humpati wa kumwomba ruhusa. Sisi tunakata hivi: saa kumi jioni tunaanza kutafuta pa kulala, na ikifika saa kumi na moja gari liwe limezimwa. Kama hapajapatikana, tunarudi kwenye sheli ya mwisho yenye mlinzi na kulala hapo, tukivumilia kelele za malori.

Tuanze na udongo, maana ndio unaokwamisha magari mengi kuliko mchanga wa ufukweni. Wasukuma wameupa majina kulingana na mahali ulipo kwenye mteremko, na majina hayo yanatosha kumwongoza dereva. Juu, karibu na yale mawe makubwa, kuna luseni: udongo wa kichanga unaopitisha maji haraka. Hapo egesha bila wasiwasi. Ukishuka kidogo unakuta itogolo, ardhi ambayo kiangazi ni ngumu kama sakafu na inamdanganya kila mgeni. Ikinyeshewa, juu inakuwa uji na chini inabaki ngumu, kwa hiyo maji hayana pa kwenda na tairi linateleza hata kwenye mteremko mdogo. Chini kabisa, tambarare, ni mbuga: udongo mweusi wenye nyufa zinazoingia mkono. Mvua ya nusu saa inatosha kuufanya unate kwenye tairi mpaka ujae kwenye madigadi na gurudumu ligome kuzunguka. Mbugani usilale, hata kama anga ni jeupe.

Kama huna uhakika, chukua konzi moja ya udongo, ulowanishe kwa maji kidogo na uviringe kati ya viganja kama unatengeneza tambi. Ukikatika mara moja, una mchanga wa kutosha. Ukivutika ukawa uzi mwembamba unaoweza kuupinda bila kuvunjika, washa gari usogee juu.

Na usiamini kiangazi. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, lakini ziwa lina mvua zake lenyewe: mawingu hujikusanya juu ya maji usiku, na upepo na radi vikatua kabla hakujapambazuka. Elekeza pua ya gari kwenye njia ya kutokea tangu jioni. Kuanza kugeuza gari saa kumi alfajiri ndani ya mvua ndiko kunakozalisha kukwama.

Ukikwama mchangani, usikanyage mafuta. Gurudumu likizunguka bure mara tatu limeshajichimbia kaburi. Shuka, punguza upepo hadi psi 20 au 22 kwa tairi zote nne, fukua mchanga mbele ya magurudumu, weka mbao mbili za urefu wa mita moja, ondoka taratibu kwa gia ya pili. Ukifika pagumu jaza upepo tena kabla ya lami. Tairi laini kwenye lami linachemka na kupasuka. Kwa hiyo pampu ya umeme wa gari ni ya lazima, pamoja na kipimo chake, na ubao mpana wa kuweka chini ya jeki ili isizame.

Kando ya maji kuna mwenyeji mwingine. Njia ya kiboko ina alama yake: mifereji miwili sambamba na tuta dogo la nyasi katikati, kwa sababu miguu ya kushoto na ya kulia hukanyaga mbali. Pembeni utaona majani yamekatwa chini kabisa kama yamefyekwa kwa mashine, na kinyesi kimetawanyika juu ya vichaka. Ukiona hivyo, usiegeshe kati ya njia hiyo na ziwa. Kiboko hutoka usiku kula nchi kavu, na akikuta kitu kimemzibia njia ya kurudi majini hapigi kona. Mamba wapo pia, kwa hiyo kuchota maji gizani hapana. Tunakaa zaidi ya mita 60 kutoka ukingoni. Ndicho kipimo ambacho Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakitumia kulinda fukwe za maziwa, na kinatutosha pia kwa usalama.

Jambo ambalo wageni wa ziwa hawalifikirii ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu. Siku za giza mwalo wowote, yaani pwani wanaposhushia samaki, unachangamka: boti za injini zinaondoka jioni, zinarudi alfajiri, na kina mama wanunuzi wanasubiri na ndoo wakipaza sauti za bei. Kukicha mchanga wote unafunikwa na nyavu za kuanikia dagaa. Ukitaka kununua dagaa wabichi, ndizo siku zako. Ukitaka usingizi, nenda wakati wa mbalamwezi, mitumbwi imetulia ufukweni na mafundi wanashona nyavu. Vyovyote vile, tembea kwa miguu kwanza kabla ya kuingiza gari mwaloni, uone nyavu zinatandazwa wapi. Kupita na tairi juu ya mahali pa kuanikia dagaa ni kumkanyagia mtu chakula chake.

Siku chache baada ya mwezi mpya pia ndipo wale wadudu wadogo wa ziwani wanapoibuka kwa wingi. Ukiwa mbali unadhani ni moshi umesimama juu ya maji. Hawaumi, lakini wanafuata taa na wanaingia puani, kwenye chai, kwenye feni. Ukiona moshi huo unaelekea kwako, funga vioo, zima taa nyeupe zote, ubaki na taa moja hafifu ya njano hadi wapite.

Sasa ruhusa. Usijifiche. Gari lililofichwa kichakani linazua maswali, na maeneo haya yana sungusungu; wanapopita na tochi saa saba usiku wawe tayari wanajua ni nani yuko ndani. Kijijini mtafute mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, saini kitabu cha wageni ofisini, onyesha kitambulisho cha NIDA na kadi ya gari. Mwaloni muulize kiongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, maana ndio wanaosimamia pale. Uwanja wa parokia na uwanja wa shule wakati wa likizo ni pazuri sana: pamenyooka, pana choo, pana mlinzi. Ongea na paroko au mwalimu mkuu mwenyewe, usiishie kwa mlinzi. Maneno ni machache: “Shikamoo mzee. Tuko safarini, tuna gari tunalolala humohumo. Tunaomba kuegesha hadi kesho asubuhi, hatuwashi moto na taka tunaondoka nazo.” Asubuhi kwa Wasukuma ukianza na “Mwangaluka” mazungumzo yanakuwa mepesi zaidi. Kiwanja ni bure, ila aliyekesha akilinda apewe asante yake, na asubuhi mwenyekiti aagwe kabla hujaondoka.

Ahadi ya taka itimizwe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini chupa na vifungashio bado vinafika ziwani kila mvua ikinyesha. Tundika kiroba kimoja nyuma ya mlango, kishushwe kwenye dampo la mji unaofuata. Choo chetu ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na unga wa mbao. Kila matumizi, vikombe viwili vya unga juu yake. Mkojo uwe na dumu lake, vikichanganyika ndipo harufu inapoanza. Ndoo inamwagwa kwenye choo cha shimo, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Maji: hesabu lita 12 kwa mtu kwa siku, yaani kunywa nne, kupika na vyombo tatu, kuoga tano. Watu wawili kwa siku tatu ni lita 72, kwa hiyo madumu manne ya lita 20. Hizo ni kilo 80, kwa hiyo yapangwe mbele ya ekseli ya nyuma na kufungwa kamba. Yakikaa mlangoni kabisa mkia wa gari unalala na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi.

Maji ya ziwa yana kichocho, na hapa tunaomba msomaji asipuuzie. Vimelea hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, zaidi wakati wa jua kali mchana, mahali penye majani na maji yaliyotulia. Yaani pale panapovutia kuogelea. Ukitaka kutumia maji ya ziwa kuogea, yachuje kwa kitambaa kuondoa konokono, yaweke kwenye dumu lililofungwa kwa siku mbili. Vimelea visivyopata mwili hufa. Ndiyo maana tunaandika tarehe kwenye kila dumu kwa makapeni. Ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja nzima. Aliyeingia majini hata hivyo aende kituo cha afya wiki sita hadi nane baadaye. Dawa ya kichocho, praziquantel, hupimwa kwa uzito wa mtu, na ikinywewa mapema mno haiwaui minyoo wachanga.

Umeme ndiko watu wanakopoteza pesa. Tuchukue friji ndogo ya kompresa ya lita 40 inayokula wati 45. Kwa joto la huku huzunguka karibu asilimia 40 ya muda, sawa na wati-saa 430 kwa siku. Feni ya wati 15 usiku kucha ni 120. Taa, simu na kompyuta ni kama 130. Jumla 680, au ampea-saa 57 kwenye mfumo wa volti 12. Betri ya asidi ya N100, yaani ya ampea-saa 100, huwezi kuitumia zaidi ya nusu bila kuiua, na nusu yake ni 50. Isipochajiwa, siku ya pili friji inazima. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 inabeba mzigo huo bila shida. Paneli ya wati 200 iliyolala juu ya paa inarudisha kama wati-saa 700 siku ya jua zuri. Siku ya mawingu hairudishi hata nusu, hapo unahitaji chaja inayochukua umeme wa injini mkiwa barabarani.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni waya. Fundi anavuta waya wa milimita 1.5 kutoka betri hadi friji iliyo mita nne nyuma. Kompresa inapoanza inavuta ampea karibu 10, na karibu volti nzima inapotelea njiani. Friji inasoma umeme mdogo, inajizima. Mwenye gari anabadilisha betri, tatizo linabaki palepale. Weka waya wa milimita 4 au 6, na fyuzi ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye chanya ya betri. Ikikaa upande wa friji, waya wote uliopita chini ya zulia hauna ulinzi.

Gesi: mtungi wa kilo 6 unawatosha wawili karibu wiki tatu. Gesi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, kwa hiyo kabati la mtungi liwe na tundu sakafuni. Pima mpira kwa povu la sabuni kila baada ya siku ya barabara mbovu. Jiko la mkaa lisilale ndani ya gari, hata likionekana limezimika, hata kioo kikiwa wazi kidogo. Hewa yake ya sumu haina harufu na haimwamshi mtu.

Kuhusu njia yenyewe. Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yanastahili nusu siku. Kati ya Lamadi na Bunda, mkono wa kulia ni Serengeti, ukipita geti la Ndabaka. Hifadhini hakuna kulala bure, na tembo hutoka hadi mashambani, hivyo usiku huo lala mjini. Bunda jaza mafuta, jaza maji. Kisorya uliza mapema kivuko cha mwisho cha kwenda Rugezi kinaondoka saa ngapi, na ukichelewa lala upande huo kwa ruhusa badala ya kukimbizana.

Kivukoni abiria wote washuke kutoka kwenye gari kabla kivuko hakijaondoka, handibreki ivutwe, gia iingizwe, vioo vishushwe, valvu ya gesi ifungwe. Wanaokwenda mbele zaidi, Ukara, wanapita kwenye maji ambamo kivuko cha MV Nyerere kilizama tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa kimejaza kupita uwezo wake. Ukiona kivuko kimejaa, subiri kinachofuata. Chai chemsha hapohapo kwenye foleni, nje ya gari.