Kila Kikwazo

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Andiko la wiki hii ni Isaya 57:14, pale panapotoka agizo kwamba njia itengenezwe na kila kikwazo kiondolewe mbele ya watu wa Mungu. Tulisome tukiikumbuka kazi ya Sajini Taji Kim Hughes, mtegua mabomu wa jeshi la Uingereza, karibu na Sangin, Afghanistan, tarehe 16 Agosti 2009.

Siku hiyo askari mmoja alilipukiwa na bomu la ardhini. Wenzake wakaja na machela kumchukua, na mmoja wao akakanyaga la pili. Wawili wakafa papo hapo, wanne wakaumia vibaya, na mmoja wa hao akafa baadaye. Upendo ulikuwepo, machela ilikuwepo. Njia ndiyo haikuwa imesafishwa.

Mabomu ya kienyeji ya namna hii ni magumu kuyaona. Yakiwa na chuma kidogo, kifaa cha kutambua chuma hakilii vizuri. Na betri huweza kufukiwa pembeni, mbali na mahali mguu unapokanyaga. Kwa hiyo mtegua hupiga magoti akafagia vumbi kwa brashi ndogo, taratibu sana. Nyaya nazo hukatwa mmoja mmoja: koleo ni chuma, likikata mbili kwa pamoja laweza kuziunganisha.

Kwa kawaida huvaa suti nzito ya kujikinga na hufanya kazi kwa mbali, kwa kamba au roboti. Hughes aliiacha suti ili kuokoa muda. Alisafisha njia huku akiwatia moyo majeruhi kwamba msaada unakuja. Alipomfikia wa kwanza, akakuta bomu jingine chini ya mita 1 kutoka alipolala. Hakujua chanzo cha umeme kilipo. Akalitegua kwa mikono, jambo linaloruhusiwa katika hali mbili tu: mtu asiye na hatia amefungwa bomu mwilini, au kuna majeruhi wengi na kutochukua hatua ni kuongeza wengine. Alirudia mara mbili zaidi, akiwafikia majeruhi waliobaki na miili ya waliokufa. Mabomu yaliyounganishwa pale yalikuwa 7.

Alitunukiwa George Cross mwaka 2010, nishani ya Uingereza ya ushujaa iliyoanzishwa 1940, msalaba wa fedha wenye utepe wa buluu. Maelezo ya tuzo yanataja pia mabomu zaidi ya 80 aliyoyashughulikia kwa miezi mitano. Hilo lina uzito wake: mikono ya siku ile ilikuwa imefundishwa na siku nyingi ambazo hakuna aliyezitazama.

Sasa rudini kwenye neno "kila". Ukitegua 6 ukaacha 1, machela bado haiwezi kupita.

Wiki hii tuwaombee wanaopiga magoti mashambani Angola na Kambodia, ambako mabomu ya vita vilivyokwisha bado yamo ardhini. Tuwaombee macho mazima, mikono isiyotetemeka, na kurudi nyumbani jioni. Tuzikumbuke pia familia za waliokuwa kwenye machela ile.