Haya ya sekunde mbili

Leo nimeisikiliza mara 19. Ni ujumbe wa sauti wa Mjomba kutoka Maskati, Omani, urefu wake sekunde mbili, na ndani yake mna neno moja tu: "Haya." Baada ya hapo inasikika feni ikizunguka, kisha kimya.

Mnajua kwamba Mjomba aliondoka wiki tatu zilizopita kwenda kumwona dada yetu aliyejifungua, na hatarudi mpaka dada atoke arubaini. Mnajua pia kwamba mashua yake, Tuombe Kheri, kaniachia mimi. Hakumwachia kaka, wala vijana wa pale mtoni wanaoshinda kwenye vyombo tangu wana miaka 10. Kaniachia mimi, mwalimu wa darasa la tatu. Siku nilipoandika habari ile hapa mlinipongeza sana, na nililala usiku ule nimefurahi kama mtu aliyepewa kiwanja. Ndiyo maana hii haya imenikaa kooni.

Ilikuwa hivi. Jumatano bamvua, zile siku za maji kujaa na kupwa sana, lilikuwa limekolea. Saa nne na robo asubuhi, watoto wako kwenye uji, nikakimbia mtoni kupiga picha kama nifanyavyo kila siku. Maji yalikuwa yamekupwa kweli kweli, tope liko wazi mpaka mbali, na mashua imekaa juu ya tope imesimama wima, magadi yake mawili, ile miti ya mkoko ya kuiegemeza, yameishika huku na huku. Nikaiona nzuri. Nikapiga, nikamtumia Mjomba, nikarudi darasani mbio.

Hazikupita dakika tano simu ikatetemeka mfukoni.

"Hiyo kamba ya tezi kafunga nani?"

Tezi ndiyo nyuma ya chombo. Hakunisalimu. Ambao hamjamsikia Mjomba, huyu ni mtu ambaye hata akipiga simu kuuliza bei ya dagaa huanza na hali ya nyumba, ya mama, ya kuku, ya mvua. Nami ananiita mjomba, kama ninavyomwita yeye, tangu sijajua kusema vizuri. "Hujambo mjomba. Wazima huko mjomba?" Safari hii ikaja kamba tu.

Nikajibanza nyuma ya ubao nikamjibu kwa sauti ya chini: "Shikamoo Mjomba. Nimefunga mimi, jana jioni."

Akajibu: "Haya."

Angesema "haya mjomba" nisingekuwa naandika usiku huu.

Mchana ule nilikuwa na kipindi cha Kiswahili. Tunajifunza maneno yenye maana zaidi ya moja, watoto wanapiga kelele kwa furaha: kaa la moto, kaa wa pwani, kaa kitako! Paa la nyumba, paa wa porini! Nami nimeshika chaki, kichwani nahesabu haya. Iko haya ya kukubali. Iko haya ya endelea tu. Iko ile ya kukata maneno, anayoitoa mtu aliyechoka kubishana. Iko haya ya mama, ukimng'ang'ania jambo mpaka akakuachia ulione mwenyewe mbele ya safari: haya, wewe ndiye unayejua. Halafu iko haya yenyewe, inayoinamisha uso. Ya Mjomba ni ipi kati ya hizo? Sauti haikupanda wala haikushuka.

Siku anaondoka, basi la Tanga limeshawasha injini, alitoa kichwa dirishani akanipa wosia wake wa mwisho. Dawa zake, mazishi ya jirani tuliyotoka kuzika, hayo yote aliyaacha. Aliniambia: "Usikifunge kama mbuzi."

Nilijua anachomaanisha, alinifundisha mwenyewe nikiwa msichana mdogo. Mbuzi hufungwa kamba fupi asile mahindi ya watu. Chombo ukikifunga hivyo unakiua. Mashua yetu imefungwa mbele na nyuma. Omo kuna nanga, iko chini ya maji, na kamba yake ikiwa fupi, maji yakijaa chombo kinavutwa kichwa chini. Tezi kuna kamba ya pili inayokwenda ukingoni kwenye kisiki cha mnazi, nayo hesabu yake inageuka kinyume: maji yakijaa inalegea, yakikupwa inakaza, kwa sababu chombo kinashuka na kisiki hakishuki. Huku kwetu wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukifunga saa ya maji kujaa, ukaona kamba imekaa vizuri, ukaenda kulala, asubuhi unakuta chombo kinaning'inia kwa makalio. Kwa hiyo unafungia kimo ambacho hukioni wakati unafunga. Nilimwachia kamba pima mbili za ziada. Nilizipima kwa mikono yangu, mara mbili.

Sasa itazameni ile picha. Nimeikuza mpaka imekuwa vidoto. Kamba imenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Usiku wa Jumatano sikulala vizuri. Nilikuwa nageuka na kusema peke yangu, "Ziko pima mbili, Mjomba, niliziacha." Mume wangu akaniuliza naongea na nani.

Nataka niandike pia kazi yenyewe, maana watu wengi wanadhani kuangalia chombo kilichofungwa ni kukitazama. Naamka kabla ya adhana. Nikishaswali nateremka mtoni na dumu la mafuta ya kula lililokatwa mdomo, naivuta mashua kwa kamba ya tezi mpaka iguse ukingo, napanda, naanza kufua maji, kuyachota na kuyamwaga nje. Kipindi hiki cha masika asubuhi moja inaweza kuwa madumu 40, nyingine 100 na ushee. Mjomba anayachukia maji ya mvua kuliko ya bahari. Maji baridi yakilala kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, yanaozesha mbao, ya chumvi yanazihifadhi. Kwa hiyo nikimaliza kutoa ya mvua, nangoja siku ambazo bahari imeingia mtoni, naonja kwa ulimi, nikikuta yana chumvi nachota na kuzimwagia zile mbao za juu zinazopigwa na jua. Zikikauka zinasinyaa, na zikisinyaa pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi kati ya mbao, inalegea. Mtu asiyejua akipita ananiona natoa maji upande mmoja na kumwaga upande mwingine.

Saa ya kuteremka nayo haikai. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, na ratiba ya shule haichelewi. Jumapili naiwasha mashine, ile Yamaha ya farasi 15 iliyosimamishwa chumbani kwetu pembeni mwa kabati. Tunaibeba watu wawili mpaka uani, tunaitumbukiza kwenye pipa la maji, naivuta kamba, halafu nakodoa macho mpaka nione kile kimchirizi cha maji kinaruka ubavuni mwake. Kikiruka, mashine inapoa. Moyo wangu hutulia hapo. Mikono yangu inanuka sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka chombo, mpaka watoto wa dawati la mbele wamezoea.

Sisemi haya ili nihurumiwe. Nimeipenda kazi hii kuliko nilivyotarajia. Asubuhi ile kabla pantoni haijaanza kuvuka kwenda kijiji cha Bweni ng'ambo, mto mpana, ukungu uko upande wa pili kwenye minazi, maji ya mvua yanashuka mekundu na vipande vya magogo na majani kutoka huko juu, nami niko peke yangu juu ya mbao hizi zinazolia chini ya miguu, najisikia niko mahali pangu. Nani angenipa hilo, kama si yeye?

Wiki yenyewe imekuwa na mambo. Wakaguzi walikuja shule Jumatatu wakaondoka, posa ya kaka imekubaliwa, na barua yangu ya kupandishwa daraja, ile niliyoisubiri tangu mwaka juzi, imefika. Ningepaswa kuandika hizo.

Alhamisi alfajiri nilikwenda nimenuna. Mzee wa nyavu alikuwa ameshafika, amekaa juu ya mtumbwi wake uliopinduliwa, anashona. Huyu ndiye yule niliyewaambia hajawahi kunipa neno hata moja tangu Mjomba aondoke, zaidi ya salamu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwalimu."

Nikaanza kufua maji. Akaniacha mpaka nikafika madumu kama 30, ndipo akasema bila kuinua kichwa: "Hiyo katani ikinywa mvua hufupika."

Nikasimama.

"Kamba yako hiyo ya tezi," akasema. "Ni ya mkonge. Ukiifunga kavu, ikanyeshewa usiku kucha, utaikuta imekaza. Mwongeze shubiri nne, tano."

Nikaiona Jumanne jioni yote mbele ya macho yangu: kamba kavu, jua linazama, mimi napima pima zangu mbili kwa fahari. Usiku ule mvua ilinyesha mpaka saa tisa. Mimi mtoto wa mkoa wa Tanga, nimekulia kati ya mashamba ya mkonge, sikulifikiria hilo! Kwa hiyo Mjomba aliona kitu. Hakukosea, wala hakunionea. Nikafungua fundo, nikaachia kamba, nikafunga tena ile namna yake ya kitanzi kisichojikaza. Vidole vilikuwa vinatetemeka kidogo.

Mzee akasubiri nimalize.

"Mjomba wako kanipigia jana usiku," akasema.

Hapo nikahisi tumbo linashuka. Jana usiku ni baada ya ile haya. Nikaona kila kitu: kampigia mzee, kamwambia mwangalie yule msichana, kamba amefunga vibaya, usimwambie nimekwambia.

"Kasemaje, babu?"

"Kaulizia mvua. Kaulizia bei ya dagaa. Kaniambia mjukuu kapewa jina la babu yenu. Kasema huko joto haliwezekani, mchana hatoki ndani. Basi."

"Na chombo?"

"Chombo gani?"

"Chake. Hii."

Ndipo akainua kichwa akanitazama. Hajawahi kunitazama hivyo, kama mtu anayejaribu kuelewa swali.

"Hakuuliza chombo," akasema. "Aniulize mimi, wewe umekwenda wapi?"

Akarudi kwenye nyavu zake.

Nilikaa chini pale tezi. Nusu ya maji ya mvua ilikuwa bado ndani, yananifika kwenye kifundo cha mguu, nami nimekaa tu. Hakuuliza. Yuko ng'ambo ya bahari, ameona kamba imekaza, siku hiyo hiyo kampigia mtu anayekaa hatua 20 kutoka kwenye chombo chake, mtu anayevijua vyombo tangu mimi sijazaliwa, na chombo hakukitaja. Aliniuliza mimi nani kafunga. Nikamjibu mimi. Akasema haya.

Tangu hapo kila nikiifungua ile sauti naisikia vingine. Dada naye leo kaniandikia kwamba Jumatano saa ile mtoto alikuwa kalala kifuani kwa Mjomba, na mtu yeyote akifungua mdomo nyumba nzima inamzomea. Huenda na hilo limo. Nimejaribu kusikia pumzi ya mtoto chini ya ile feni. Mara nyingine naona ipo.

Leo jioni maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mnazi. Nilimpigia picha nyingine, kamba ya tezi imelala juu ya maji imepinda kama kamba ya kuanikia nguo isiyo na nguo. Nimetuma. Mpaka sasa ni alama moja, hajaipata. Nilimwandikia chini yake: "Katani ilifupika kwa mvua, Mjomba. Nimeongeza." Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, sijayafuta.

Mvua imeanza tena. Kesho itakuwa madumu 100.

Niko macho kwa jambo jingine. Mama, tangu Jumatatu, anakunywa chai bila sukari. Mama yule mnayemjua, wa vijiko vitatu na cha nne cha kuonjea. Nilimwona mara ya kwanza nikadhani sukari imekwisha, nikanunua kilo. Pakiti iko pale pale juu ya friji haijafunguliwa. Leo nimemuuliza, akasema ameizoea tu hivyo, akaamka kwenda kutazama nguo kwenye kamba, na nguo nilikuwa nimeshaanua.