Muuguzi wa uzazi nyumbani: tulivyovuka wiki za kwanza baada ya upasuaji

Mimba ya mke wangu ilipoingia mwezi wa nane, daktari alituambia tujiandae kwa upasuaji. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio, na presha ya mama ilikuwa imeanza kupanda, akawa anameza vidonge kila siku. Upasuaji wenyewe haukunitisha sana, kwa kuwa hospitali ina watu wa kazi hiyo. Nilichojiuliza ni nani atakuwa nasi tukisharuhusiwa kurudi nyumbani. Ndugu zetu wako mbali, na mimi ujuzi wangu wa watoto wachanga ulikuwa wa kuwabeba dakika mbili na kuwarudisha kwa mama zao. Tukaamua kutafuta muuguzi mkunga wa kuja nyumbani, na tukamtafuta mtoto akiwa bado tumboni. Ukisubiri hadi kichanga kinalia na mshono unauma, utamchukua yeyote atakayepokea simu.

Kabla ya kumtafuta, ilibidi tuelewane sisi wenyewe tunataka nini. Yaya ni kazi yenye heshima yake, lakini hapimi presha wala hakagui mshono. Sisi tulihitaji mtu mwenye leseni hai, na leseni hiyo tuliihakikisha kwenye baraza linalosajili wauguzi na wakunga, hatukutosheka na nakala ya cheti. Tuliuliza pia habari za chanjo, hasa kifaduro, kwa kuwa ugonjwa huo ni hatari mno kwa mtoto ambaye bado hajafikia umri wa kuchanjwa.

Wote tuliozungumza nao niliwauliza swali moja: usiku wa manane ukikuta presha ya mama iko juu, utafanya nini? Mmoja alijibu kwamba tusiwe na wasiwasi, yeye ana uzoefu. Mwingine alituahidi kwamba tutalala usingizi kama hatuna mtoto. Tuliyemchukua alijibu bila kupamba: “Nitamkalisha vizuri, mgongo uegemee, nipime tena ndani ya dakika 15. Ikibaki 160 kwa 110 tunaondoka kwenda hospitali, asubuhi haingojwi. Na akiniambia kichwa kinamuuma sana au macho yanaona ukungu, hata namba hizo sizisubiri.” Mke wangu alinitazama tu, na mimi nikauliza anaweza kuanza lini.

Mkataba tuliuandika kwa lugha ya kawaida. Kupika, kufua na kusafisha nyumba havikuwa kazi yake, vilikuwa vyangu. Yeye angemwangalia mama, angemwangalia mtoto, na angetufundisha. Dawa yoyote mpya ingetoka kwa daktari. Mwanzoni angekuja kila siku na kukesha baadhi ya usiku, kisha apunguze kadiri sisi tunavyoshika.

Siku ya kwanza alileta mizani, kipimajoto, mashine ya presha na daftari. Daftari ndilo lililonishangaza, kwa sababu alinikabidhi mimi. “Baba, hili ni lako. Kila akinyonya, kila nepi ikilowa, kila choo na rangi yake, andika.” Nilidhani ananitafutia shughuli nisimsumbue. Kumbe ndivyo alivyofanya kazi: maamuzi yake yote ya siku zilizofuata aliyatoa humo.

Jambo ambalo watu hawalisemi vya kutosha ni kwamba mengi hujikusanya kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati ambao familia nyingi ndipo zimetoka hospitali. Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, inaisha na maziwa yanajaa kwa kishindo. Uzito wa mtoto unafika chini kabisa. Manjano ya ngozi na macho ya mtoto yanafikia kilele. Presha ya mama, hata wa presha ya kawaida, huwa na tabia ya kupanda siku hizo. Na machozi yanakuja bila sababu. Kwetu yalikuja yote, na karibu kwa wakati mmoja.

Uzito ndio ulinitoa jasho. Mtoto alizaliwa na kilo 3.2, na mizani ikasoma 2.95. Nikaanza kuzungumzia maziwa ya kopo. Muuguzi hakunikemea, ila aliniambia kwamba kupungua kwa asilimia 7 hivi ni kawaida, ikikaribia 10 mtu anasimama na kuchunguza, na kwamba uzito wa kuzaliwa hurudi ndani ya wiki mbili hivi. Sisi tulikuwa karibu na 8. Akasema kwanza anataka kuona mtoto anavyonyonya.

Alikaa akatazama mnyonyo mzima, kimya, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtoto alikuwa anashika chuchu tu, mashavu yanabonyea, na mke wangu alikuwa amekaza meno kwa maumivu. Alichobadilisha kilikuwa kidogo. Alimtoa mtoto juu ya tumbo, mahali alipokuwa anaukandamiza mshono, akamweka ubavuni, miguu imeelekea nyuma chini ya kwapa la mama, na mto ukimshikilia. Akangoja mdomo ufunguke kwa upana kama wa kupiga miayo, ndipo akamvuta mtoto kwenye titi, kidevu kikitangulia. Mdomo wa chini ulipinduka nje, na baada ya muda tukasikia anameza. Mke wangu akasema, “Mbona hapa hakuumi?” Kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24 ndiyo hesabu aliyotupa, na mtoto akipitiliza usingizi siku hizo za mwanzo aamshwe. Daftari lilionyesha nepi zinaongezeka hadi sita na zaidi kwa siku, na choo kikitoka weusi wa lami kuelekea njano. Mizani ikafuata. Kopo halikununuliwa, ingawa naamini kabisa kwamba kama hesabu zingekataa, yeye mwenyewe ndiye angekuwa wa kwanza kusema mtoto aongezewe.

Manjano aliyakagua dirishani, kwenye mwanga wa mchana, kwa kubonyeza ngozi na kuachia. Usoni yalikuwepo, yakashuka kifuani. Hakukadiria kwa macho, alitutuma tukapime bilirubini, kitu kinacholeta manjano hayo mwilini, siku hiyo hiyo, na majibu yalikuwa chini ya kiwango cha kuhitaji kuwekwa kwenye taa. Nilipomuuliza kama tumwanike mtoto juani, alikataa: jua huunguza ngozi changa na huvuruga joto la mwili, tena huwezi kulipimia dozi. Cha kufanya kilikuwa kumnyonyesha vizuri zaidi. Pia alituonya kwamba manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au yakifika viganjani na kwenye nyayo, hakuna kusubiri.

Sasa mama. Hapa ndipo naona fedha yetu ilifanya kazi kubwa kuliko kote. Kila anayeingia kwenye nyumba yenye mtoto mchanga huenda moja kwa moja kwa mtoto. Huyu muuguzi alikuwa ananawa mikono, anamsalimia mke wangu, anakaa naye, anapima presha, anaangalia mshono, anagusa tumbo, anauliza damu ni kiasi gani (pedi ikilowa chepechepe ndani ya saa moja, ni hospitali), anakagua kama mguu mmoja umevimba kuliko mwingine. Mtoto alisubiri zamu yake. Asubuhi moja presha ilisoma 152 kwa 98, na mke wangu alikuwa anajisikia mzima. Ikapimwa tena, haikushuka. Akampigia daktari simu, dozi ikaongezwa, na kwa siku kadhaa tukapima asubuhi na jioni hadi ikatulia. Sisi wawili peke yetu tusingejua lolote.

Machozi ya siku za mwanzo alisema huwapata akina mama wengi na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Yalipokaribia muda huo, alitumia dodoso la Edinburgh la kutafuta dalili za sonona baada ya kujifungua, lenye maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita, ambalo limekuwa likitumika tangu 1987. Jumla ya mke wangu haikuwa ya kutisha, lakini swali la mwisho, la kufikiria kujidhuru, muuguzi aliliangalia kivyake bila kujali jumla. Kisha akanigeuzia karatasi. “Na wewe, baba.” Nilicheka. Yeye hakucheka. Majibu yangu yalikuwa mabaya kuliko ya mke wangu, hasa kwenye wasiwasi na kujilaumu, na kutokana na hayo tulipanga upya usiku: mimi nilale mfululizo kuanzia jioni hadi saa saba, kisha nichukue nepi na kumcheulisha mtoto hadi alfajiri, mama aamke kunyonyesha tu.

Usiku wake yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuupunguza. Mwanzoni alituamsha na kusimama kando tukifanya. Baadaye alikaa chumba kingine, tumwite tukikwama. Halafu ikawa simu tu. Kuna usiku nilimlaumu moyoni, kwamba tunalipia mtu akae akitutazama. Lakini kitovu kilipodondoka hakuwepo, na hakuna aliyeshtuka.

Wanaoniuliza siku hizi kama wanaweza kupata huduma hii wakiwa na uwezo wa siku chache tu, nawaambia wasizitumie siku ya kutoka hospitali, ambayo huwa na watu wengi na matatizo machache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unataka mama na mtoto waangaliwe angalau mara nne: ndani ya saa 24, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Ya kwanza mara nyingi huifanya hospitali, ya mwisho ni ya kliniki. Fedha iende siku ya tatu, ya nne na ya tano, mizani na mashine ya presha vikiwemo, na ziara moja zaidi wiki ya pili, kwa ajili ya uzito wa mtoto na yale maswali kumi. Usiku wa kukesha uongezwe kama kuna kinachobaki.