Fundi wa Mtaani, Fundi Mwenye Leseni na Waya Uliofichwa Ukutani

Mama yangu alipokuja kututembelea Dar es Salaam, siku ya tatu alitoka bafuni akiwa ameushika mkono wake wa kulia, akaniambia, "Mwanangu, maji yenu yana ganzi." Nilidhani analalamikia baridi, nikamuuliza kama hita ilikuwa haijawashwa. Akajibu kwamba maji yalikuwa ya moto vizuri, ila kila alipogusa bomba huku miguu yake imelowa, mkono ulikufa ganzi hadi kwenye kiwiko. Sikumjibu. Nilikwenda moja kwa moja kuzima meni swichi, na tangu hapo sijaacha kulifikiria jambo hili la nani anafaa kuitwa nyumba inapoharibika.

Hita hiyo, ya aina ile inayochemsha maji papo hapo wakati wa kuoga, ilikuwa imefungwa miezi minne kabla na fundi wa mtaani kwetu. Napenda ieleweke kwamba huyu si yule ambaye watu humwita fundi maiko, yaani fundi wa kubahatisha. Ni kijana mwaminifu, ametuwekea vigae vya jikoni ambavyo hadi leo havijapasuka, ametundika milango minne, na mara mbili amezibua mfereji wa maji machafu siku ya Jumapili bila kunung'unika. Alipofunga hita nilimlipa shilingi 30,000, akamaliza kabla ya adhuhuri. Siku mbili baadaye breka ikaanza kukata umeme kila mtu alipooga. Nikampigia simu, akaja, akaitoa breka ile na kuweka kubwa zaidi, na tatizo likatoweka. Nilimshukuru kwa dhati, kumbe nilikuwa namshukuru kwa kuniondolea kitu pekee kilichokuwa kikinionya.

Fundi umeme mwenye leseni niliyemwita baada ya maneno ya mama alianza kwa kufungua hita, akanionyesha waya wa kijani wenye mstari wa njano, umekunjwa vizuri na kuzungushiwa tepu nyeusi. Huo ndio waya wa ethi, nao haukuwa umeunganishwa na chochote. Alinieleza kwamba hita za aina hii huchemsha maji kwa koili iliyozama ndani ya maji yenyewe, kwa hiyo umeme kidogo unaweza kuvuja, na kazi ya ethi ni kuupa umeme huo njia ya kwenda ardhini. Njia hiyo ikikosekana, anayeoga ndiye anayegeuka kuwa njia. Kisha akafuatilia umeme wa hita ulikotoka, akakuta umechukuliwa kwenye waya wa taa ya bafuni, yaani ule wa milimita 1.5 za mraba. Hita ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta takriban ampea 24, na waya wa taa haukutengenezwa kubeba mzigo huo. Breka ya kwanza, ya ampea 10, ilikuwa ikikata kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yake. Baada ya kuwekwa ya ampea 32, waya uliachwa upate moto ndani ya ukuta bila kuzuiwa na kitu. Kipande alichokichomoa kilikuwa na ganda lililolainika na kubadilika rangi, na nilipokinusa kilikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua.

Alitandaza waya mpya wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye bodi ya umeme hadi bafuni, akaunganisha ethi na kuipima kwa mita, akaweka pia kile kifaa kinachokata umeme mara mkondo unapovuja kwa kiasi cha miliampea 30. Gharama yote, pamoja na vifaa, ilikuwa shilingi 320,000. Ni zaidi ya mara kumi ya malipo ya kwanza, na sikatai kwamba iliniuma.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba nyumba yetu ilipita kwa fundi mwenye leseni tangu mwanzo, kwa kuwa huwezi kuunganishiwa umeme na TANESCO bila fomu iliyosainiwa na fundi anayetambuliwa. Lakini aliyetandaza waya siku zile hakuwa yule aliyegonga muhuri. Muhuri ulitafutwa mwishoni, kama mtu anavyotafuta stempu ya kubandika kwenye barua. Na mita ya Luku ikishafungwa, hakuna anayerudi kukagua. Soketi inaongezwa, kiyoyozi kinafungwa, chumba cha uani kinavutiwa umeme kutoka sebuleni, na kila kazi hiyo inafanywa na yeyote aliye karibu. Leseni tunaihitaji siku moja tu, kisha tunaishi miaka 20 ndani ya matengenezo ambayo hakuna mwenye leseni aliyeyaona.

Ndiyo maana sasa sijiulizi kazi ni kubwa au ndogo, wala bei yake. Najiuliza kama kosa litaonekana. Bomba la jikoni likifungwa vibaya litavuja mbele ya macho yangu, mlango ukipinda utakwaruza sakafu, rangi ikipakwa ovyo nitaiona kesho yake. Kazi hizo nitaendelea kumpa kijana wetu wa mtaani, na ninampa kwa moyo mmoja, kwa sababu kosa lake nitaliona na yeye atalirekebisha. Lakini waya uliofichwa ndani ya plasta, mtungi wa gesi na mpira wake, nondo za zege la ghorofa, ukuta unaobeba paa, hayo yakikosewa hukaa kimya miezi na miaka, na siku yakijitokeza hayaji kama usumbufu bali kama msiba. Kwa kazi hizo namtaka mtu aliyefunzwa kupima kisichoonekana, na ambaye kuna mamlaka inayoweza kumuuliza.

Kwa upande wa umeme Tanzania Bara, mamlaka hiyo ni EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, na leseni zake zimegawanywa kwa madaraja, kwa hiyo haitoshi kuambiwa tu kwamba fundi anayo. Omba uione, soma jina na tarehe ya kuisha, na uhakikishe kwamba daraja lake linaruhusu kazi unayompa na kwamba mwenye leseni ndiye atakayeshika bisibisi. Fundi wangu hakukasirika hata kidogo nilipomwomba. Aliitoa kwenye begi kabla sijamaliza sentensi.

Sikumficha kijana wetu yaliyotokea. Nilimwita, nikamwonyesha waya ulioungua, na nikaona uso wake ulivyobadilika. "Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "nimeshafunga hita nyingine mbili kwa namna hiyohiyo." Siku hiyohiyo tulikwenda wote kwenye nyumba hizo kuwaomba wenyewe wazizime. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kazi ya ule waya wa kijani. Aliujifunza ufundi kwa kumbebea mwingine vifaa, na huyo naye aliujifunza hivyohivyo. Nimemshauri aende VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambako kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa kile anachokijua tayari, hujaziwa mapengo na kupewa cheti. Nimejitolea kumsaidia ada.

Ndani ya mlango wa bodi ya umeme nimebandika karatasi yenye tarehe, jina la fundi, namba ya leseni yake, na maneno haya: "Hita ya bafuni, waya wa milimita 6, ethi imepimwa. Breka ikikata, usiweke kubwa zaidi, tafuta sababu." Mama amekwisha kurudi kijijini, na kabla ya kuondoka aliniomba nimsomee karatasi hiyo mara mbili.