Madam, mbona hakuna "ka"?

Alhamisi jioni, Mbagala. Nimerudi na daftari za Darasa la Nne. Zoezi la ufahamu lilikuwa habari fupi kuhusu maisha ya mbu, nami niliwataka wazipange hatua kwa namba. Sentensi ya kwanza: "Mbu jike hutaga mayai majini baada ya kunyonya damu." Zaidi ya nusu ya darasa wameandika kutaga mayai namba moja, kunyonya damu namba mbili. Wamefuata macho yalikopita.

Mwanzoni niliamini hawaelewi "baada ya". Wanaelewa vizuri sana. Mwambie mtoto atacheza baada ya kuosha vyombo uone kama atakosea.

Aliyenifungua macho ni binti mmoja wa dawati la dirishani. Aliuliza taratibu, "Madam, mbona hapa hakuna 'ka'?" Nikabaki na chaki mkononi. Ni kweli. Hadithi walizolelewa nazo zinaenda kwa "ka": sungura akatoka, akamkuta fisi, wakakubaliana. Kila tukio linalivuta linalofuata, msikilizaji hapotei. Habari ya sayansi inasema hutaga, huanguliwa, hugeuka. "Hu" inataja jambo la kawaida, haikuambii lipi limetangulia. Kazi yote imeachiwa vineno kama kabla, baada, kisha, ndipo, hadi, na watoto wangu wanaviruka kwa sababu hawajawahi kuvihitaji kiasi hicho. Mimi nami sikuwahi kuwaambia.

Basi tukafunga kitabu, nikawaambia waisimulie kama hadithi ya bibi. Darasa likachangamka. Mbu akanyonya damu, akatafuta maji yaliyotuama, akataga mayai, mayai yakaanguliwa, vikatoka viluwiluwi. Hapo ndipo tukakutana na hii: "Kabla ya kuota mabawa, kiluwiluwi hugeuka kuwa pupa." Kimya. Binti yule akaweka kidole kwenye "kabla", akachora mshale kwa penseli kutoka mwisho wa sentensi kurudi mwanzo, akaandika 1 juu ya "hugeuka" na 2 juu ya "kuota". Ule mshale nimeuangalia tena jioni hii. Kesho nitauchora ubaoni.

Tatizo haliko kwenye sayansi peke yake. Wiki iliyopita, kwenye Maarifa ya Jamii, sentensi ilisema Muungano wa 1964 ulitanguliwa na Uhuru wa Tanganyika wa 1961. Miaka iko wazi pale, na bado kuna walioanza na Muungano. "Ulitanguliwa" liliwapita. Nalo nitaliweka ubaoni.

Viluwiluwi tulivyochota kwenye tairi nyuma ya jiko la shule viko kwenye chupa darasani, mdomo nimeufunga kwa kipande cha chandarua. Kila asubuhi watoto wanagombania kuwa wa kwanza kuchungulia. Leo wakati wa kutoka, viluwiluwi vinne vilikuwa vimeshakuwa pupa, vimejikunja kama mkato wa kwenye daftari.